Kesi ya Maji Yaliyolala

Mashabiki wa bendi ya Brindlemoor wa pale Tipton, Uingereza, walikuwa na ugomvi mmoja tu, na waliutunza kama watu wengine wanavyotunza bustani. Ugomvi wenyewe ulihusu albamu ya saba.

Sita za kwanza hazikuwa na neno. Brindlemoor walikuwa vijana wa hapo hapo, watoto wa wafua vyuma, na roki yao ilikuwa na kishindo cha kiwanda: gitaa la kukwaruza, ngoma za kutikisa mbavu, na mwimbaji aliyepiga mayowe kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Halafu, mwaka 1977, wakatoa Maji Yaliyolala. Gitaa likawekwa kando. Wakaleta vinanda, kwaya ya watoto wa shule na mtu wa tarumbeta kubwa, wakaimba upande mzima wa santuri habari za mlinzi wa mfereji anayengoja mashua isiyofika. Wengine walisema hapo ndipo walipofika kileleni. Wengine walisema hapo ndipo walipojitia kitanzi.

Chama kilikutana kila Alhamisi jioni kwenye chumba cha juu cha baa ya Farasi Kilema. Walioipenda albamu walikaa dirishani, wakiongozwa na Gwilym Pask, mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye hata chumvi aliiomba kama anayefundisha. Walioichukia walikaa ukutani, penye bomba la kupashia chumba joto, wakiongozwa na Doreen Tibbetts, mwenye duka la nyuzi za kufumia, mwanamke wa sauti ya kutoboa ukuta. Katikati palikuwa na meza ya chakula, na hapo penye chakula ndipo alipokaa Neville Guttridge.

Neville alikuwa fundi mstaafu wa kushona viti vya mabasi. Mtu mpole, mzito kidogo wa mwili, mwenye tabia ya kuitikia kwa kichwa mwenzake anapozungumza, si kwa kukubali bali kwa adabu. Alizipenda albamu tatu za mwanzo, na alizipenda mbaazi za kijivu na bekoni za mwenye baa. Alhamisi ilimtosha. Watu wa dirishani walimwelezea ubora wa albamu ya saba, naye akaitikia kwa kichwa, wakamhesabu wa kwao. Watu wa ukutani walimwelezea uoza wake, naye akaitikia kwa kichwa. Nao wakamhesabu wa kwao. Miaka ikapita hivyo.

Aliyeshikilia amani alikuwa mwenyekiti, mzee Ambrose Millward, kwa kutumia kengele ya baiskeli. Mtu akiitaja albamu ya saba kabla watu hawajala, mzee aligonga kengele. Wakishakula, aliwaacha wararuane. Kisha mzee Ambrose akafa, kifo cha kawaida tu cha uzee, na siku ya mazishi hapohapo kanisani ugomvi ukaanza. Gwilym alitaka upigwe wimbo wa mlinzi wa mfereji. Doreen akasema wakiupiga, marehemu atafufuka kwa hasira. Mchungaji akakata shauri kwamba wanyamaze wote kwa dakika moja. Walipotoka nje Gwilym akawaambia watu wake kwa sauti ya chini kwamba kimya kile kilikuwa sawasawa na kimya cha mwisho wa upande wa kwanza wa santuri ile, na kwa hiyo wameshinda.

Alhamisi iliyofuata wakapiga kura ya mwenyekiti mpya. Gwilym na Doreen wakasimama, kura zikalingana. Wakahesabu tena, zikalingana tena. Ndipo mtu akauliza Neville yuko wapi.

Neville alikuwa ameshuka chini kutafuta kijiko. Aliporudi alikuta chumba kizima kinamtazama.

"Karibu, ndugu yangu," akasema Gwilym. "Imebaki kura yako. Waambie hawa."

"Mwache aseme mwenyewe," akasema Doreen. "Neville ni wetu tangu zamani. Mara ngapi nimemweleza nikamwona anakubali?"

"Kukubali nini?" akauliza Neville.

"Kwamba albamu ya saba ni takataka."

"Kwamba ni lulu," akasema Gwilym.

Neville akaweka kijiko mezani. "Mimi hiyo sijawahi kuisikia."

Chini mtu alikuwa anavuta kiti, na kila mmoja alikisikia.

"Hujawahi kuisikia vipi?" Doreen akauliza. "Umekaa humu miaka yote."

"Sijaisikia tu. Niliinunua ilipotoka, nikaiacha ndani ya gari nyuma ya kioo, nami nikaingia kazini. Jua lilikuwa kali siku ile. Nilipotoka imejikunja kama bakuli. Mama mkwe akaichukua akapandia maua."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikaja huku. Kila nikiingiwa na hamu ya kuisikia, nakuja hapa Alhamisi, narudi nyumbani nimeshiba."

"Mbona hukusema?" Gwilym akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Hakuna aliyeniuliza."

Mtu mwingine angeona aibu wakati ule, lakini Neville aliona njaa tu, kwa kuwa mbaazi zilikuwa zinapoa. Alikuwa amekula nusu bakuli pale Gwilym aliposimama tena, na safari hii uso wake ulikuwa unang'aa.

"Hebu tulitazame jambo hili vizuri," akasema. "Mtu mzima, mwenye masikio timamu, mpenzi wa Brindlemoor, na hajaisikia. Duniani hawapatikani watu kama huyu. Huyu ni hakimu."

Doreen akafikiri. Alimtazama Neville kama anavyotazama uzi mchuuzi anaposema ni sufu. "Akiisikia mtu ambaye hajafundishwa na Gwilym, ataikataa," akasema. "Sawa. Uenyekiti ungoje. Aisikilize, atoe hukumu, na atakachosema ndicho kitakuwa msimamo wa chama mpaka tufe."

Wakakubaliana. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa dirishani na watu wa ukutani kukubaliana juu ya kitu, na Neville hakupewa nafasi ya kukataa.

Hukumu ilipangwa ifanyike Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana kila upande uliogopa upande wa pili utamharibu hakimu. Ikaamuliwa awekewe walinzi, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wasimwache asikie hata sauti moja ya albamu ya saba kabla ya siku yake. Walinzi wakawa Gwilym na Doreen wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwingine.

Avril, mkewe Neville, alifungua mlango asubuhi akawakuta wote wawili wamesimama kwenye mvua.

"Tumekuja kumlinda," akasema Gwilym.

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya huyu," wakasema pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenziwe kidole.

Avril alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na mambo ya wanaume na wagonjwa hayakumshangaza. Akawapa chai. Lakini walipozima redio yake jikoni alibadilika. "Hiyo redio ni yangu," akasema. "Inatoa taarifa za hali ya hewa."

"Huwezi jua, mama," akasema Doreen. "Wanaweza kuteleza wakapiga wimbo wa albamu ile."

"Wimbo ambao nusu yenu mnasema hausikiliziki, nani ataupiga kwenye taarifa za hali ya hewa?"

Hata hivyo redio haikuwashwa. Neville alipokwenda dukani kununua maziwa alikwenda amevalishwa vile vikinga masikio vya mafundi wa kutoboa barabara, Gwilym kulia, Doreen kushoto. Mwuza maziwa akadhani amepata pigo la kichwa, akampa pole kwa kupaza sauti sana. Kwa kinyozi ilibidi avuliwe vikinga hivyo, basi Doreen akamwimbia wimbo wa taifa sikioni kwa muda wote nywele zilipokuwa zinakatwa, ili kusiwe na nafasi ya kitu kingine kuingia.

Kila upande pia ulimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Watu wa dirishani walimletea pai ya nyama ya nguruwe na kusema haina uhusiano wowote na kesi. Watu wa ukutani walimletea keki ya tangawizi na sweta aliyofuma Doreen kwa mkono wake, nzuri sana, ya rangi ya bluu. Neville alikula pai, akala keki, akavaa sweta. Usingizini alianza kusikia milio ya kengele ya baiskeli.

"Kataa tu," Avril akamwambia jioni moja, walinzi walipokwenda chumbani kukagua kama televisheni imezimwa.

"Nimekwishakula pai yao."

"Basi sema unaipenda, waondoke."

"Doreen ataumia."

"Sema huipendi."

"Gwilym ataumia zaidi. Unamwona alivyo."

Avril akamtazama mumewe kwa huruma, maana aliona kweli kwamba mtu huyu hakuwa na maoni yoyote, na kwamba miaka yote hilo ndilo lililomfanya apendwe.

Siku ikafika. Chumba cha juu kilijaa. Walikuja hata wanachama ambao hawakuonekana kwa muda mrefu, mmoja wao akiwa na mtungi wa oksijeni. Ulitokea ubishi juu ya kiti. Dirishani walitaka hakimu akae kwenye kiti cha mito ili moyo utulie. Ukutani walitaka kiti cha mbao ili asisinzie na kusinzia kwake kuhesabiwe kuwa raha. Mwishowe wakampa kiti cha mito, na juu yake wakaweka ubao. Neville akaketi, sweta mwilini, mikono magotini, na watu wote wakapanga viti vyao kumwelekea, hivi kwamba hakuna aliyeitazama mashine ya santuri. Waliutazama uso wake.

Mwenye baa akashusha sindano.

Vinanda vikaanza, kisha watoto wa shule, kisha lile tarumbeta likanguruma kama ng'ombe aliye mbali. Mlinzi wa mfereji akaanza kungoja. Neville naye akangoja. Alijitahidi sana kusikia kilele, kisha akajitahidi kusikia takataka, lakini alichosikia kilimkumbusha foleni ya benki: si kizuri, si kibaya, unasimama tu mpaka zamu yako. Alijikuna goti. Watu wa dirishani wakapeana mikono.

"Anajikuna," akanong'ona Doreen. "Hiyo ni dalili ya mateso."

"Alikuwa anafuata mdundo," akanong'ona Gwilym.

"Mdundo upi? Huko hakuna mdundo, ndiyo hoja yetu."

Upande wa kwanza ukaisha. Neville akaomba maji, na ombi hilo likajadiliwa. Santuri ikageuzwa. Upande wa pili ulikuwa na gitaa kidogo, likalialia na kunyamaza. Akapiga mwayo akauficha kwa ngumi, lakini watu wa ukutani waliuona, na nderemo ya kimyakimya ikapita upande wao. Gwilym alikuwa amefumba macho kama mtu aliye katika sala.

Ndipo, karibu na mwisho, ukaja wimbo mfupi. Hata bendi ilikuwa kama haimo. Mpiga ngoma, ambaye hakuwahi kuimba kabla wala hakuimba tena, aliimba peke yake huku mtu akigusagusa kinanda, kwa sauti ya mtu anayeosha vyombo akidhani yuko peke yake nyumbani. Wimbo ulikuwa juu ya glavu. Ameipoteza glavu moja ndani ya basi la kwenda Wednesbury, na sasa ile iliyobaki anaiweka mfukoni, anaingiza kidole humo mara kwa mara, haitupi. Basi. Hakukuwa na zaidi.

Neville akainua kichwa.

Miaka yake yote ya kazi, kila alipofumua kiti cha basi, alikuta glavu. Zilizama kati ya mto na mgongo, moja moja, kamwe si jozi: za sufu, za ngozi, za watoto zenye uzi wa kuning'inizia shingoni. Wenzake walizitupa. Yeye alizitia kwenye sanduku chini ya meza yake, na hakuwahi kujua kwa nini, wala hakumwambia mtu, kwa sababu angesema nini? Sasa mtu asiyejua kuimba alikuwa anamwambia kwa nini. Macho ya Neville yakajaa, akaacha yajae.

"Rudisha huo," akasema.

Mwenye baa akamtazama Gwilym, Gwilym akamtazama Doreen.

"Huo si wa kusikilizwa, Neville," Gwilym akasema kwa upole. "Huo sisi huuruka. Walijazia nafasi tu."

"Urudishe, tafadhali."

Ukarudishwa. Watu walitazama sakafu. Kulikuwa na aibu chumbani, kama pale mgeni anapoingia bafuni na kumkuta mtu. Wimbo ulipokwisha Neville akajifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Hukumu," akasema Doreen. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

"Hayo mengine yote, mgawane mnavyotaka," akasema Neville. "Mimi hayanisumbui wala hayanifurahishi. Lakini huo wa glavu ndio wimbo bora kuliko zote walizowahi kutoa Brindlemoor."

Mtu wa oksijeni akaondoa barakoa yake. "Kuliko zote?"

"Zote."

Gwilym aliinuka polepole. Alikuwa amepauka. "Sisi tumesema tangu mwanzo," akasema, "kwamba bila wimbo ule albamu hii haina dosari."

Doreen naye akainuka. "Na sisi tumesema tangu mwanzo kwamba hata kama mengine yangesameheka, wimbo ule hausameheki."

Wakatazamana juu ya kichwa cha Neville, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane kila mmoja alimwona mwenziwe kuwa mtu wa akili. Gwilym akatoa pendekezo, Doreen akaliunga mkono: wimbo wa glavu uhesabiwe kuwa haupo, na ndugu Guttridge aondolewe kwenye chama. Mikono ikapanda yote. Neville naye, kwa mazoea, akaitikia kwa kichwa.

Walimwondoa kwa heshima. Wakamwacha amalize kula, wakamwambia sweta abaki nayo, na mwenye baa, ambaye hakuitaka tena ndani ya nyumba yake, akampa santuri aende nayo.

Avril alimkuta amekaa sebuleni na koti lake, santuri mapajani.

"Umehukumu?"

"Wamenifukuza."

"Kwa kosa gani?"

"Kuna wimbo nimeupenda."

Avril hakuwahi kupenda roki maishani mwake; aliisikia kupitia mlango uliofungwa, kama watu wanavyosikia mvua. Lakini alivua viatu, akaketi. "Hebu nisikie kilichokufukuzisha."

Neville akauweka. Avril akausikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha, kama zamani alivyosikiliza vifua vya wagonjwa.

"Anatoka nje ya sauti," akasema.

"Ndiyo."

"Sana."

"Ndiyo, sana."

"Weka tena," akasema Avril.

Alhamisi zilizofuata zilikuwa ndefu kwa Neville. Alipika mbaazi mwenyewe, zikawa ngumu. Alipanga makabati ambayo hayakuhitaji kupangwa. Mwezi ulipokwisha, mlango ukagongwa, na Avril alipofungua aliwakuta Gwilym na Doreen pamoja chini ya mwavuli mmoja. Wote wawili walikuwa wamekonda.

"Chama kinakufa," akasema Gwilym alipoketi.

"Mbona mlipatana?" akauliza Neville.

"Ndilo tatizo lenyewe," akasema Doreen. "Tunaingia, tunakubaliana kwamba wimbo wa glavu ni aibu, basi. Tunabaki tunatazamana. Wiki iliyopita tulizungumzia mifereji ya maji ya paa. Nusu ya watu hawaji tena, na mwenye baa anataka kuwapa chumba watu wa mazoezi ya kunyoosha viungo."

"Si mrudi kwenye ugomvi wenu wa zamani?"

"Tumejaribu," Gwilym akasema kwa masikitiko. "Nikiisifu albamu, huyu ananiambia, 'Nakuelewa, Gwilym.' Unajua inavyouma mtu akikuelewa?"

Doreen akainamisha uso. "Imenitoka tu. Sikukusudia."

Avril akamimina chai.

"Tumepiga kura," Doreen akasema. "Tunataka urudi."

"Mimi sijui kubishana."

"Huna haja ya kubishana," akasema Gwilym, akasogea mbele kwenye kiti. "Wewe kaa tu, uupende. Kazi nyingine tutafanya sisi."

Neville akamtazama mkewe. Avril akanyanyua mabega: maamuzi yalikuwa yake. Neville akazungusha kikombe chake.

"Nitakuja na Avril," akasema mwishowe. "Naye anaupenda."

Gwilym na Doreen wakatazamana kwa furaha isiyofichika, maana sasa walikuwa wawili, na wawili ni upande.

Alhamisi ile chumba kilijaa mpaka ngazini. Mtu wa oksijeni alifika mapema akakamata kiti cha mbele. Neville na Avril walikaa katikati na mabakuli yao, na watu wa dirishani na watu wa ukutani wakapokezana kuwashambulia: kwamba mpiga ngoma alikuwa amelewa, kwamba kinanda kilikuwa kibovu, kwamba mtu mwenye akili hawezi kulilia glavu. Doreen alipiga meza, vijiko vikaruka. Gwilym alichora ramani ubaoni. Neville alikula. Mtu alipomwuliza moja kwa moja kama bado anaupenda wimbo ule baada ya yote aliyoyasikia, alifuta mdomo akajibu kwamba ndiyo, bado, na chumba kizima kikaguna kwa raha.

Walirudi kwa miguu, maana mvua ilikuwa imekatika. Kwenye kona ya mtaa wao Avril akasimama.

"Yule Gwilym," akasema. "Aliposema kwamba ubeti wa pili haufai kabisa."

"Ehe?"

"Hana haki ya kusema vile." Alikuwa ameanza kutembea haraka, na Neville ikabidi akaze mwendo kumfikia. "Alhamisi nitamjibu."